Risasi kwanza, bastola baadaye

Kwenye mashindano yanayofuata kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha wa vitendo, kuna meza moja ambayo mgeni huwa haijui mpaka aitwe. Ofisa anachukua risasi nane kutoka kwenye akiba yako. Anazichagua yeye, huzichagui wewe. Moja inang'olewa kichwa, kikapimwa uzito. Nyingine zinapigwa kwa bastola yako mwenyewe mbele ya kronografu, mashine inayosoma mwendo wa risasi. Hesabu inayofuata ni ya shule ya msingi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Ukipata 125, umepita. Ukipata 124.9, hujapita, maana kanuni haikuongezei hata nukta. Utaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini jina lako halitaonekana kwenye matokeo.

Nimeanza na meza hiyo kwa sababu Arusha maongezi ya mchezo huu huanzia kwingine kabisa. Kaa jioni Kwa Mrombo, kwenye mabanda ya nyama choma ambayo watu wa mjini huyafuata hata kama nyumbani kwao kuna bucha mlangoni, uitaje bastola mbele ya watu wawili wanaozimiliki kihalali. Ndizi hazijafika mezani, tayari mmoja ni wa Glock na mwingine ni wa CZ, na ubishi unakwenda kama wa Simba na Yanga. Hakuna anayeuliza risasi. Mimi nashikilia kwamba kwa mtu wa huku, anayeishi chini ya Mlima Meru na kununua vitu vyake kwa leseni ya Tanzania, uchaguzi sahihi unaanzia kwenye risasi, unapita kwenye mkanda, na bastola inafika mwisho.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wasioujua. IPSC ilianzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, askari wa zamani wa majini. Tofauti na aina nyingi za ulengaji wa Olimpiki, ambako mtu anasimama palepale na kupiga duara moja kwa utulivu, hapa mlengaji anakimbia, anapita dirishani, anapiga magoti, anabadilisha magazini akiwa anatembea, na shabaha zimetawanyika pande mbalimbali, nyingine zikiwa zimefichwa nusu nyuma ya shabaha usiyoruhusiwa kuigusa. Pointi zake zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Kwa hiyo mwenye haraka asiyelenga anaanguka, na mlengaji hodari anayekwenda kwa maringo anaanguka naye.

Jirani zetu Wakenya wamekwenda mbali zaidi na tawi jingine la mchezo huu, IDPA, lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo linaiga mazingira ya kujilinda: bastola inafichwa chini ya koti na kila pointi unayopoteza inakuongezea sekunde. Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, umeshapokea mashindano ya Afrika ya IDPA. Kutoka Arusha hadi Nairobi kwa kupitia Namanga ni kama kilomita 270, na Kiambu iko mbele kidogo ya hapo, kwa hiyo Kirigiti ni karibu kuliko Dar es Salaam. Ila usidanganyike na ukaribu huo. Silaha haivuki Namanga kama gunia la vitunguu. Inahitaji vibali vya pande zote mbili, vilivyotafutwa mapema, na mwenyeji wa mashindano ndiye anayekuelekeza upande wake. Upande wetu, polisi wana uzoefu wa siku nyingi wa kushindana: shabaha ni moja ya michezo ya EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, ambayo Dar es Salaam iliipokea mwaka 2018. Raia ndiye aliyebaki nyuma.

Arusha ina tatizo lake la pekee, nalo ni urithi wa uwindaji. Huu ni mji wa kampuni za uwindaji wa kitalii. Mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji huo, ukarudi 1978, mwaka mmoja baada ya Kenya kuufunga wa kwao, na tangu hapo wageni wa bunduki wamekuwa wakishukia hapa. Kwa hiyo hekima ya silaha inayozunguka mjini ni ya raifo. Mzee wa uwindaji atakuambia kitu kimoja: kubwa ndiyo salama. Ni kweli kwake. Risasi ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912 na ambayo ukubwa wake ndio kiwango cha chini kinachotakiwa kwa nyati na tembo, inarusha kichwa cha greni 300 kwa mwendo wa futi kama 2,500 kwa sekunde. Piga hesabu ile ya mezani: 750. Mwindaji anahitaji risasi moja iangushe kilo 700 za hasira kabla hazijamfikia. Mlengaji wa vitendo anatoboa karatasi na kuangusha vibao vya chuma, mara mbili kila shabaha, mara thelathini kwa mbio moja. Nguvu yoyote iliyozidi inayotakiwa ni teke mkononi mwake, na kila teke ni muda wa kuirudisha bastola kwenye shabaha.

Kanuni zimetoa malipo kidogo kwa wenye nguvu. Risasi iliyoingia katikati ya shabaha ni pointi 5 kwa kila mtu. Ikiangukia pembeni, kwenye eneo linaloitwa C, mwenye risasi kubwa anapata 4 na mwenye ndogo anapata 3. Ikienda mbali zaidi, D, ni 2 dhidi ya 1. Kuitwa mkubwa kunataka 170 kwenye daraja la Standard, na hapo ndipo .40 Smith & Wesson, iliyoanza kuuzwa 1990, ilipojipatia wapenzi: kichwa cha greni 180 kwa futi 950 kinakupa 171. Lakini kwenye daraja la Production, la bastola za kawaida za kiwandani, wote huhesabiwa wadogo, hata aje na nini. Mtu anayeingia Production na .40 amejitwisha mzigo asiolipwa. Nimeona watu wakiambiwa hivyo na bado wakashikilia kwamba .40 ina heshima.

Kwa hiyo milimita 9, ile 9x19 ya Georg Luger ya miaka ya mwanzo ya 1900, haina mshindani kwa anayeanza. Swali linalobaki ni 9x19 ya namna gani, na hapa ndipo penye utamu.

Vichwa vya kawaida ni vya greni 115, 124 na 147. Ili vyote vifike kwenye 130 hivi, cha 115 kinatakiwa kwenda kama futi 1,140 kwa sekunde, cha 124 futi 1,050, na cha 147 futi 890 tu. Hesabu inakaribiana, mkono hausikii kitu kimoja. Chepesi kinagonga ghafla, kizito kinasukuma taratibu, na walengaji wengi wa Ulaya na Marekani huvipenda vizito kwa sababu hiyo. Sisi hatuna anasa yao. Wao hununua maganda, baruti, fataki na vichwa, wakajaza risasi wenyewe gereji kwa kiwango wanachotaka, 128 kamili kama wakipenda. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuachii kutengeneza risasi bila leseni ya kazi hiyo, na hata kununua unauziwa kwa kibali, risasi za aina inayolingana na silaha iliyoandikwa kwenye leseni yako. Unachokipata ni cha kiwandani, kwenye boksi la 50, kama kilivyokuja.

Ndiyo maana nasema utafute kwanza muuzaji mwenye leseni atakayekuwa na aina ileile ya risasi mwezi huu, mwezi ujao na miezi sita ijayo. Risasi nzuri sana iliyoletwa mara moja ikaisha haina faida, kwa sababu kila ukibadilisha risasi unabadilisha mahali inapogonga na namna bastola inavyoruka. Boksi la greni 124 lisilo na jina kubwa, lakini lipo kila ukienda, linakushindia boksi la 147 la kifahari unalolisubiri kutoka ng'ambo. Na usisome mwendo ulioandikwa kwenye boksi ukaridhika. Kiwanda kilipima kwa mtutu wa kupimia. Glock 17 ina mtutu wa milimita 114, Glock 19 ina 102, na mtu aliyenunua bastola fupi ya kujilinda akaamua kushindana nayo atakuta risasi ileile inatoka polepole zaidi kwake kuliko kwa mwenzake.

Ongeza baridi. Hili nalisema kwa watu wa Arusha hasa, maana halimo kwenye vitabu vya walengaji wa Florida. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, na asubuhi za Juni na Julai, upepo ukishuka kutoka Meru, kila mtu anajua hali inavyokuwa. Baruti nyingi zikipoa huungua kwa nguvu pungufu. Chukua risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,020 Dar es Salaam mchana: unapata 126, umepita, unafurahi. Ikipoteza futi 20 tu kwa baridi, unapata 124, na umesafiri bure. Lenga 130 au zaidi kidogo kwa kipimo cha asubuhi ya baridi, na risasi zilizolala kwenye gari usiku usizitumie kupima mpaka zipate joto la kawaida, halafu pima tena zikiwa za baridi ujue tofauti. Kronografu ya kawaida haigharimu hata karibu na bei ya bastola. Watu watano wanaweza kuchanga wakanunua moja.

Kuna kitu kingine kidogo cha bei rahisi ambacho kila kikundi kinahitaji: sumaku. Baadhi ya risasi za bei nafuu, hasa za asili ya kijeshi, zina chuma ndani ya kichwa au kwenye koti lake. Kanuni zinakataza risasi za kutoboa chuma, za kuwasha moto na zenye mkia wa mwanga, na wenye viwanja wanakataa chochote kinachoshikwa na sumaku, kwa sababu kinaharibu vibao na kinarudisha vipande kwa mpigaji. Vibao vyenyewe haviruhusiwi kupigwa kwa karibu kuliko mita 7. Kwetu kuna sababu ya ziada: chuma kwa chuma hutoa cheche, na kuanzia Julai hadi mvua za vuli nyasi za tambarare zote za kusini mwa Meru zinasubiri cheche tu.

Sasa idadi. Kozi fupi haizidi risasi 12, ya kati 24, ndefu 32. Kanuni inapendekeza uwiano wa fupi tatu, za kati mbili, ndefu moja. Jumlisha: 36, 48, 32, jumla 116 kwa mashindano madogo ya vituo sita, bila zile za kurekebisha ulipokosa, na kukosa shabaha kunakukata pointi 10. Boksi tatu zimekwisha asubuhi moja. Mtu aliyemaliza akiba yake kwa bastola ya kifahari na akabaki na boksi mbili kwa mwaka hajaingia kwenye mchezo huu, amenunua pambo la kuweka kwenye sefu. Bora bastola ya kawaida na risasi za kutosha.

Katikati ya mashindano na mashindano kuna mazoezi ambayo hayali risasi hata moja. Kuchomoa, kulenga, kufyatua tupu, kubadilisha magazini: mabingwa wa dunia hufanya hayo sebuleni kila siku. Masharti yake hayana mjadala. Risasi zifungiwe chumba kingine, silaha ikaguliwe mara mbili, watoto wasiwepo, na ukimaliza uirudishe kwenye sefu usije ukasema "ngoja nirudie mara moja tu." Ajali huweza kutokea kwenye hiyo mara moja.

Nije kwenye mkanda, ambao watu huununua mwishoni kwa chenji iliyobaki. Ofisa akiona bastola yako imeanguka chini ikiwa na risasi, siku yako imekwisha, huhesabiwi tena. Mtutu ukipita nyuzi 90 kutoka upande wa shabaha, umekwisha vilevile. Makosa hayo mara nyingi huanzia kiunoni: mkanda laini wa suruali unaoinama, kifuko cha kitambaa kinachojifunga ukichomoa bastola ukalazimika kutumia mkono wa pili kukifungua, mtutu ukielekea kwako. Kifuko kinachofaa ni cha plastiki ngumu au ngozi nene, kimefunika kifyatuo chote, kinashika bastola hata ukikimbia na hakifungi mdomo bastola ikitoka. Kwenye Production kinakaa nyuma ya mfupa wa nyonga, na mpini usiwe mbali na mkanda kwa zaidi ya milimita 50. Ngozi tunayo. Moshi kuna kiwanda cha Karanga cha viatu na bidhaa za ngozi, na mafundi wa Arusha wanashona mikanda minene ya kudumu miaka. Mkanda mpe fundi wa hapa. Kifuko, usimpe kazi hiyo fundi ambaye hajawahi kuona bastola yako, kwa sababu ngozi ikilegea mwezi wa pili inaweza kuingia kwenye kifyatuo wakati unarudisha bastola.

Magazini za Production zinaanza na risasi 15 tu. Kozi ya 32 inakula mbili na kuingia ya tatu kabla hujakosea popote, kwa hiyo nne ndio mwanzo mzuri. Kisha vumbi. Anayeishi Kwa Mrombo au upande wa Muriet hahitaji kuelezwa habari za vumbi la kiangazi, lile la majivu ya volkano linaloingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Magazini inaanguka chini kila unapoibadilisha, na vumbi hilo likikutana na mafuta mengi linakuwa sandpepa. Paka mafuta kidogo kwenye reli za bastola, ndani ya magazini usipake kabisa, na beba brashi ya kupitisha ndani yake baada ya kila kituo. Bastola nyingi zinazolaumiwa kwa kukwama, tatizo lake ni magazini chafu.

Miwani na vizuia sauti si hiari. Mlio wa milimita 9 unafika desibeli 160 hivi, wakati sikio linaanza kuumia kwa mlio wa ghafla kuanzia 140. Sikio likishakufa halirudi. Na kwa kuwa najua mazoezi ya watu wa huku yanaishia wapi, niseme hili: fataki na vichwa vya risasi vina madini ya risasi, yale yenye sumu, na vumbi lake hubaki mikononi. Mbavu zisubiri. Nawa kwa sabuni na maji ya baridi, kisha ndipo ukae mezani, na nguo za mazoezi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Bastola yenyewe nimeipa nafasi ndogo kwa makusudi. Glock 17, iliyoingia jeshi la Austria miaka ya mwanzo ya 1980, ina uzito wa gramu 700 hivi na magazini tupu. CZ Shadow 2 ni ya chuma, inapita kilo 1.3, na uzito huo unameza teke. Ya pili ni rahisi zaidi kushindania, ya kwanza ni rahisi zaidi kuimudu na kupata vipuri vyake. Nimesema yote. Mfaransa Eric Grauffel alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1999 kule Cebu, Ufilipino, kwenye daraja la Open, la bastola zenye darubini na kila pambo linaloruhusiwa. Baadaye akashindana pia kwa Production, bastola ya kiwandani isiyo na darubini. Ukiwa na leseni ya bastola yoyote ya 9x19 yenye mtutu mrefu wa kutosha na inayokutosha mkononi, acha kuangalia madirisha ya maduka.

Linalobaki liko nje ya uwezo wa mnunuzi: mahali pa kupigia. Kwa Mrombo ya leo si pori. Nyumba zimejaa mpaka Muriet na Olmoti, na risasi ya milimita 9 iliyokosa kikingio inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Anayekwenda kujaribu bastola shambani kwa shemeji, hata kama ana leseni, anahatarisha watu na anavunja sheria. Vyombo vya ulinzi mkoani Arusha vina renji zenye vikingio na wakufunzi. Ombi langu kwao, na kwa Baraza la Michezo la Taifa, ni siku moja kwa mwezi: raia wenye leseni waingie kwa kujiandikisha, walipe ada, wasimamiwe, wapimiwe risasi zao kwa kronografu ya uwanja, na anayevunja kanuni ya usalama atolewe palepale.